Kompyuta inabwabwaja, maji yanapungua: shajara ya kusaka milio na uvujaji

Jumamosi usiku

Naanza kuandika leo ili kumbukumbu zisije zikachanganyika, maana kwa ninavyoiona hii kitu haitaisha kwa kukaa chini mara moja. Mashine ni ya mezani inayopozwa kwa maji, na sio zile zilizofungwa tayari kiwandani, hii imeungwa kipande kwa kipande: pampu aina ya D5 imekaa chini ya tangi la bomba, kutoka hapo maji yanaenda rejeta ya mbele ya milimita 240, yanapita bloku (kipande cha chuma kinachokaa juu ya chipu na kupitisha maji) ya kadi ya grafiki, halafu bloku ya prosesa, yanapanda rejeta ya juu ya milimita 360, ndio yanarudi tangini. Hozi ni laini, PVC ile inayoonyesha ndani, fitingi zote, yaani viungio vya hozi, ni uzi wa saizi ya kawaida ya G1/4. Ndani kuna kama lita moja ya maji ya distili yenye dawa ya kuzuia kutu na ukungu.

Shida ni mbili. Mashine imeanza kutoa milio ambayo haikuwepo, mingi tu na kila mmoja na tabia yake, na maji tangini yameshuka chini ya mstari niliouchora kwa maka peni. Kitu cha kwanza kinachokuja kichwani ni kuunganisha, kwamba inalia kwa sababu inavuja. Mimi nimekataa kuunganisha. Mpaka ushahidi useme vingine hizi ni kesi mbili, na kila mlio nao una faili lake, kwa sababu ukishaamua kila kitu kina chanzo kimoja utafungua vyote, utafunga vyote, na hutajua ni kipi hasa kilichomaliza tatizo.

Tuanze na maji kushuka, maana hapa watu wanashtuka kabla ya kupiga hesabu. Maji yakipata joto yanatanuka, kutoka nyuzi 22 hadi 40 lita moja inaongezeka kama mililita 5 na kidogo. Tangi langu lina kipenyo cha ndani cha milimita 50, kwa hiyo hizo mililita 5 ni karibu milimita 3 za kimo. Yaani ukichora mstari mashine ikiwa ya moto ukaja kuangalia asubuhi imepoa, utaona maji yameshuka milimita 3 na hakuna hata tone lililotoka nje. Wangu ulichorwa mashine ikiwa baridi na leo nimepima ikiwa baridi, tofauti ni sentimita moja, sawa na mililita 20 hivi. Hiyo sio joto.

Ila mililita 20 bado sio uvujaji pia. Mfumo ukijazwa maji hewa haitoki yote siku ile ile, inabaki imejificha kwenye vimirija vya rejeta na kwenye mapezi ya bloku, inatoka polepole kuja tangini, na kila kiputo kinapotoka maji yanaenda kukaa pale kilipokuwa, basi kimo kinashuka. Halafu kuna jambo la hozi zenyewe: maji yanapenya kwenye kuta za hozi laini kama mvuke, taratibu sana, miezi na miezi, PVC inapenyeza, hata EPDM, aina ya mpira ambayo ni bora zaidi, inapenyeza kidogo. Kwa hiyo mililita 20 kwa miezi kadhaa inaweza kuwa haya mawili tu. Inaweza pia isiwe. Ndio maana naandika.

Kitu kimoja nakifuta kabisa leo leo, umande. Kuna wanaosema maji uliyoyaona nje ya hozi ni unyevu wa hewani umegeuka maji juu ya kitu baridi. Mfumo wa kawaida wa rejeta na feni hauwezi kushusha maji chini ya joto la chumba, hozi haiwi baridi kuliko hewa inayoizunguka, kwa hiyo umande hautokei. Umande ni wa wale wenye vipoza-maji vya kompresa. Ukikuta unyevu kwenye mfumo kama wangu, umetoka ndani.

Jumapili

Leo ni siku ya masikio. Nimefungua kioo cha pembeni, nimezima muziki, nimezima na feni ya chumba.

Milio niliyoihesabu ni minne. Kuna gulu gulu, mbubujiko wa maji unaosikika zaidi mashine ikiwaka asubuhi, unadumu kama saa moja halafu unafifia. Kuna mvumo wa chini, nnnnn, haukatiki. Kuna tik tik tik inayokuja feni zikiwa spidi ya chini. Na kuna wa nne ambao mimi siusikii vizuri, mdogo wangu ndio alipita akasimama akasema kaka hii mashine yako inapiga filimbi. Nikamwambia filimbi gani. Akasema unaposhika menyu ya gemu inalia, ukiingia ndani inabadilika. Masikio ya vijana yanasikia sauti nyembamba za juu ambazo sisi zinaanza kututoka, mkopeshe mdogo wako kiti akae karibu na mashine, ni kifaa kizuri cha bure.

Huo wa mdogo wangu ndio rahisi kuliko yote. Ni koili za kadi ya grafiki, vile visumaku vya umeme kwenye njia ya pawa vinatetemeka mkondo unapopita kwa kasi inayobadilika badilika. Kwenye menyu ya gemu kadi haina kazi ngumu kwa hiyo inatoa fremu mia na mia kwa sekunde, wakati mwingine elfu, na koili zinalia. Nimeweka kikomo cha fremu, filimbi ikakatika hapo hapo. Haihusiani na maji hata kidogo, na haiui kadi. Faili limefungwa.

Tik tik nayo haikunisumbua sana. Usichomeke kidole kwenye feni inayozunguka, chomoa waya wake au shusha spidi yake moja moja kupitia BIOS, ile menyu ya mazabodi kabla mashine haijawaka kikamilifu. Nilishusha ya kwanza, ya pili, nikafika feni ya katikati ya rejeta ya juu, ikanyamaza. Hizi feni za beringi ya kawaida (sleeve bearing) zikilazwa zikitazama chini, rota inaning'inia badala ya kuegemea, na kwa spidi ndogo inacheza. Nimeihamishia mbele ambako inasimama wima, imenyamaza, na iliyokuwa mbele nimeipandisha juu.

Mvumo ndio mtamu. Nimeweka simu juu ya kesi, yaani kasha la mashine, na programu inayochora sauti kwa masafa yake. Hesabu yake ni nyepesi: kitu kinachozunguka mara 3000 kwa dakika kinatikisika mara 50 kwa sekunde, yaani hezi 50. Feni yenye mabawa 7 ikizunguka mara 1200 kwa dakika, kila bawa likipita linasukuma hewa, kwa hiyo 1200 gawanya kwa 60 zidisha kwa 7, unapata hezi 140, ya mabawa 9 inatoa 180. Kila mlio una anwani yake. Kwenye mchoro wangu kulikuwa na mwiba mkali kwenye 50 na mwingine 100. Pampu ilikuwa kwenye 3000, kwa hiyo unaweza ukasema basi tumeipata, lakini hapana, maana kuna nchi nyingi ambazo umeme wa ukutani wenyewe ni wa hezi 50 na transfoma yoyote iliyo karibu inavuma mara mbili yake, kwenye 100. Njia ya kutenganisha ni kuisogeza pampu. D5 hii ya PWM, yaani inayopangiwa spidi na mazabodi, inaenda kati ya mizunguko 800 na 4800 kwa dakika, nikaipandisha 3300, mwiba ukahama ukaenda 55. Umeme wa ukutani hauhami. Ni pampu.

Ila ni pampu kwa maana gani sasa? Pampu mbovu inakwaruza, inakuwa kama ina mchanga ndani, na pampu iliyomeza hewa inapiga kelele za kukatika katika. Hii ilikuwa safi kabisa kwenye 2500, safi kwenye 3300, na kati ya 2900 na 3100 kesi nzima inaitikia. Nikibonyeza bamba la chini kwa kiganja mvumo unapungua nusu. Hiyo ni kesi ndio inayoimba, pampu inaipa noti tu. Nimefungua bano la pampu nikaweka sponji nzito chini na washa za mpira kwenye skrubu, na nimeihamisha pampu ikae 2600.

Kuna watu watasema kushusha pampu kunaharibu upozaji. Piga hesabu tena. Mtiririko wa lita 3.8 kwa dakika ukibeba wati 400, tofauti ya joto kati ya maji yanayoingia kwenye bloku na yanayotoka ni kama nyuzi 1.5 tu. Ukiukata mtiririko nusu inakuwa 3. Kinachoamua joto la mashine ni rejeta na feni, pampu kazi yake ni kuhakikisha maji hayakai sehemu moja, na kuipandisha mpaka mwisho kwa kawaida unapata kelele zaidi kuliko baridi.

Umebaki mbubujiko. Huu nimeuacha kwa makusudi mpaka kesho.

Jumatatu

Mbubujiko maana yake hewa, hilo halina ubishi. Swali ni hewa ipi, ya zamani ambayo haijatoka au mpya inayoingia. Kama ni ya zamani, kila ukiitoa itapungua na siku moja itakwisha. Kama inarudi, kuna mlango mahali.

Kwanza nikafanya jaribio la kimo: fungua kifuniko cha tangi pampu ikiwa inazunguka, weka alama, zima pampu, angalia. Hewa iliyonaswa kwenye njia inakandamizwa na msukumo wa pampu, ukizima inatanuka na kuyarudisha maji tangini, kwa hiyo kimo kikiruka juu ujue kuna hewa. Changu kilipanda kidogo tu, kama milimita moja. Usije ukadanganywa na jibu hilo, jaribio hili linaona vizuri hewa iliyo karibu na mdomo wa pampu, na rejeta yangu ya juu iko mwisho wa njia ambako msukumo umeshaishia, hewa ya pale haikandamizwi sana.

Kwa hiyo nikaenda kwa njia ya jasho. Zima mashine, legeza feni za juu, iinamishe kesi upande mmoja ili tundu la rejeta liwe juu zaidi, washa pampu peke yake, ipandishe, ishushe, izime, iwashe. Pampu peke yake unaiwasha kwa kuchomoa nyaya zote za pawa saplai kwenye mazabodi na kwenye kadi ya grafiki, halafu kuunganisha waya wa kijani na waya mweusi wowote kwenye plagi ile ya pini 24, au unatumia kidaraja cha kununuliwa, ili prosesa na kadi visipate umeme kabisa wakati unacheza na maji. Na usiiache D5 ikazunguka kavu hata kidogo, beringi yake inalainishwa na maji yale yale inayosukuma.

Likatoka donge la hewa kubwa kuliko nilivyotegemea, likafuatiwa na viputo vidogo vidogo kama nusu saa. Mwisho kimya kabisa, pampu ikiwa juu ikiwa chini kimya. Maji yakashuka, nikaongeza, nikafunga kifuniko, nikachora mstari mpya.

Jumanne asubuhi

Gulu gulu.

Imerudi. Basi hewa inaingia. Na hewa ikiweza kuingia maji yanaweza kutoka, hapa ndio kesi mbili zimeanza kusogeleana, na nimefurahi zaidi kuliko kusikitika kwa sababu mfumo ulio kimya na maji yanapungua ungekuwa mgumu zaidi kuusoma.

Hebu nieleze kwanza inawezekanaje, maana ndio kiini cha jambo zima. Mfumo uliofungwa vizuri unapumua. Tangini juu ya maji kuna hewa, tuseme mililita 60. Mashine ikifanya kazi kutoka nyuzi 22 mpaka 40, ile hewa yenyewe inataka kutanuka asilimia 6, na maji nayo yanatanuka mililita 5 na kitu yakiila nafasi yake. Ukiweka pamoja, presha ndani inapanda karibu 0.17 ya baa juu ya presha ya nje, hozi laini zinaimeza kidogo lakini mwelekeo ni huo. Kama kuna sili dhaifu, maji yanasukumwa nje. Mashine ikizimwa ikapoa, kila kitu kinanywea, ndani kunakuwa na presha ndogo kuliko nje, na sili ile ile sasa inavuta hewa. Na kama sili hiyo iko juu kuliko kimo cha maji tangini ndio kabisa, maji yote yaliyo chini yake yanaivuta kwa uzito wao. Jioni inatema, usiku inavuta, asubuhi unasikia gulu gulu.

Hii pia inaeleza kwa nini lile jaribio la saa 24 ambalo kila mtu anashauri, la kuzungusha pampu peke yake na karatasi za tishu chini ya kila fitingi, mfumo huu uliwahi kulipita bila tone. Pampu peke yake haipashi maji joto la maana. Upande wa mwisho wa njia hauna presha. Unapima mfumo uliolala.

Jumanne usiku

Tishu. Nimekata vipande vinavyolingana, nimevizungushia kila fitingi na kuvifunga kwa uzi, vingine nimevizungusha katikati ya hozi, sio kwenye fitingi tu. Hilo la katikati ni la muhimu, maji yanatambaa juu ya hozi yanateremka mpaka pale yanapokutana na kitu, tone unaliona kwenye bloku ya prosesa na chanzo kiko juu huko. Vipande vyote nimevipima kabla kwa mzani mdogo wa vito unaosoma hadi sehemu ya mia ya gramu, maana kidole kinadanganya, chuma baridi kikiguswa kinaonekana kama kina unyevu.

Na majira ya kuangalia nimebadilisha. Mashine ikiwa inafanya kazi feni za juu zinapuliza na kila kitu ni cha moto, unyevu mdogo unakauka kabla haujawa tone. Asubuhi imeshapoa, presha imegeuka, hakuna kinachotoka. Dirisha ni moja tu, baada ya kuzima mashine ikiwa ya moto, feni zimesimama, presha bado iko juu. Kwa hiyo nikaiwekea mzigo wa prosesa na kadi kwa pamoja mpaka maji yakafika 41, nikazima ghafla, nikakaa.

Baada ya dakika 40 nikavua tishu moja moja nikapima. Zote uzito wake ule ule, isipokuwa mbili. Ya kwenye hozi inayopanda kutoka bloku ya prosesa, katikati, imeongezeka gramu 0.03. Ya kwenye fitingi ya kuingilia rejeta ya juu, ile ya kona ya digrii 90 inayozunguka shingo, imeongezeka 0.11. Ya kwenye bloku ya prosesa chini haina kitu.

Nikapiga tochi kwa pembeni. Nyuma ya shingo ya hiyo fitingi, upande usioonekana ukiwa umekaa, kuna ukoko mweupe mwembamba. Hiyo ni dawa ya kutu iliyobaki maji yalipokauka. Wenye kulanti (maji ya kupozea) ya rangi wangeuona zamani, maji yangu hayana rangi, nilichagua hivyo kwa sababu rangi nyingi mwishowe zinaganda kwenye bloku, na bado sijabadili mawazo.

Neno kidogo kuhusu kulanti "isiyopitisha umeme" maana nimeshaulizwa nina wasiwasi gani. Maji safi ya distili kweli yanapitisha umeme kidogo sana, lakini kuanzia siku yanapoanza kugusa shaba, nikeli na vumbi la kwenye mazabodi yanaokota ayoni na hiyo sifa inaondoka. Kompyuta ya Cray-2 ya mwaka 1985 ilizamishwa mzima mzima kwenye kimiminika cha Fluorinert ikafanya kazi, ila hicho ni kitu kingine kabisa, sio kilichoko kwenye hozi zetu. Tone likidondoka kwenye kadi inayofanya kazi, lebo ya chupa haitakusaidia.

Ijumaa

Mashine imezimwa tangu jumanne na haijawashwa. Leo nimeimwaga yote, kwanza kupitia bomba la chini, halafu kwa kuiinamisha, taulo kila mahali, kadi imefunikwa plastiki.

Mfumo ukiwa mtupu nikachomeka geji ya presha kwenye tundu la tangi, na kipampu cha mkono, nikapandisha mpaka 0.5 ya baa. Usizidishe hapo, tangi la akriliki sio tairi. Dakika chache za mwanzo sindano inashuka kidogo hozi zinapojivuta, hizo zisikutishe, rudisha kwenye 0.5 ndio uanze kuhesabu. Nusu saa baadaye ilikuwa 0.46.

Je hiyo ni joto la chumba? Presha kamili ndani ni 1.5 ya baa, ikibadilika nyuzi moja ya joto presha inabadilika kama 0.005. Kupoteza 0.04 kwa sababu ya joto chumba kingepaswa kupoa nyuzi 8, na kipimajoto hakijasogea. Inavuja.

Nikaugawa mfumo. Nimefunga plagi kwenye hozi inayotoka bloku ya prosesa na kwenye tundu la kurudi tangini, nusu ya chini peke yake nikaipandisha 0.5, ikakaa. Saa nzima haijasogea. Kwa hiyo bloku zote mbili, rejeta ya mbele na pampu wako safi. Rejeta ya juu nikaitoa nje ya kesi ikiwa na fitingi zake, nikaipa presha, nikaipaka maji ya sabuni kwa brashi, jambo ambalo usilifanye ikiwa ndani karibu na mazabodi. Kiputo kimoja kikakua polepole kwenye shingo inayozunguka ya ile fitingi ya digrii 90. Kwenye uzi wa G1/4 hakuna kitu, kwenye fitingi ya kutokea hakuna kitu. Nikiisukuma shingo upande viputo vinaongezeka, nikiiachia vinakaribia kukoma.

Hapo sababu nayo ikajionyesha. Hozi ya PVC kadiri inavyozeeka inapoteza kilainishi chake, ndio ule ukungu mweupe unaouona kwenye hozi za kuonyesha ndani, inakuwa ngumu na inakaza. Hii iliyokuwa inapanda rejetani imekuwa kama fimbo, ilikuwa inaivuta shingo upande mmoja muda wote, na oringi (pete ya mpira ya kuzibia) ya ndani ya fitingi inayozunguka imebanwa kushoto imelegea kulia. Fitingi hizi zina oringi mbili, ile ya kwenye uzi ambayo unaiona na unaweza kuibadilisha, na ya ndani ya shingo ambayo nyingi hazifunguki. Ndio maana sizipendi zaidi ya moja moja pale ambapo kona ni lazima kabisa.

Jumamosi

Fitingi ya kona imetoka haitarudi. Mahali pake nimeweka ya moja kwa moja isiyozunguka, na hozi mpya ya EPDM nyeusi yenye urefu wa kutosha kupinda yenyewe bila kuvuta kitu. Kuona viputo ndani nimepoteza, ninakubali. Nimebadilisha hozi zote zilizobaki pia maana zote zina umri mmoja, na oringi za nje nimezipaka maji kidogo kabla ya kufunga ili zisijikunje. Kufunga ni kwa mkono mpaka ikae halafu robo ya mzunguko, spana kwenye akriliki ni njia fupi ya kupata ufa.

Presha tena 0.5, saa nzima, sindano haijasogea. Ndio nikajaza maji.

Tangini nimeacha nafasi kubwa zaidi kuliko zamani, kama mililita 120 za hewa badala ya 60. Watu wanapenda tangi lijae mpaka juu kwa sababu linapendeza, lakini hewa ndio inayomeza kutanuka kwa maji, ukiipunguza presha inapanda haraka kila mashine ikipata moto. Kuna na plagi zenye utando unaopitisha hewa na kuzuia maji, zinasawazisha presha kabisa, naweza nikaongeza siku nyingine.

Bloku ya prosesa na sehemu ya mazabodi iliyokuwa chini ya hiyo hozi nimeisafisha kwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 99 na brashi laini, japo tishu ya pale ilikuwa kavu. Nimeacha ikauke vizuri kabla ya kurudisha pawa.

Kwa wale wenye zile za kiwandani zilizofungwa, mengi ya hapa hamuwezi kufanya maana hazifunguki, lakini mbubujiko wenu mara nyingi ni kitu kimoja: hewa iko kwenye pampu kwa sababu pampu ndio sehemu ya juu kuliko zote. Hakikisha sehemu ya juu ya rejeta iko juu ya pampu, hewa itapanda ikakae huko isisumbue. Nazo zinapenyeza maji kupitia hozi miaka inavyokwenda, na huna pa kuongezea, kwa hiyo ile iliyokuwa kimya miaka yote ikianza kubwabwaja uzeeni na joto likaanza kupanda, andaa nyingine.

Wiki iliyofuata

Nimerudia lile jaribio la moto, mzigo mpaka 41, zima ghafla, dakika 40, tishu zote pamoja na ya kwenye fitingi mpya. Uzito haujabadilika hata kwa sehemu ya mia ya gramu.

Siku mbili za mwanzo asubuhi kulikuwa na mbubujiko mdogo, hiyo ni hewa ya kujaza na nilitegemea, maji mapya nayo yakipashwa joto yanaachia hewa iliyoyeyuka ndani yake. Ukawa unapungua kila asubuhi badala ya kurudi na nguvu ile ile, na saivi hakuna. Kimo kimeshuka milimita 4 kwa sababu hiyo, nimeongeza maji nikachora mstari mpya, mashine ikiwa baridi, na tarehe pembeni.

Pampu iko 2600, bamba la chini haliitiki tena. Feni ya katikati kimya. Filimbi ya koili bado ipo nikitoa kikomo cha fremu, mdogo wangu amethibitisha akiwa chumba cha pili, kwa hiyo kikomo kinabaki.

Kinachofuata ni kupima kimo baridi kila mwezi. Kwa EPDM natarajia kishuke kidogo sana. Kikishuka sentimita kabla maji hayajafika muda wa kubadilishwa narudi na geji, na safari hiyo naanzia rejeta ya mbele.